Maisha ya Elias Howe, Mtu wa Cherehani

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza tunavaa sare zetu kwa haraka, na hakuna hata mmoja wetu anayekaa kitako kuzifikiria. Lakini leo ukipata nafasi, geuza pindo la shati lako ulitazame kwa ndani. Utaona mstari wa mishono midogo midogo, imelingana kama mistari ya daftari. Mkono wa mwanadamu hauwezi kushona hivyo kwa urefu wa shati zima bila kuchoka. Hiyo ni kazi ya cherehani.

Chombo hiki tumekizoea mno. Kipo barazani kwa fundi wa mtaa wetu, kipo pembeni mwa chumba katika nyumba za mama na shangazi zetu, na wengi kati ya wazee waliosoma hapa zamani walilipiwa karo kwa fedha iliyopatikana kwa kukanyaga cherehani usiku. Juu ya mashine nyingi za zamani limeandikwa jina la Singer kwa herufi za dhahabu. Lakini mtu nitakayewasimulia habari zake hapa jina lake halimo juu ya mashine hizo. Aliitwa Elias Howe.

Howe alizaliwa tarehe 9 Julai, mwaka 1819, katika kijiji cha Spencer, jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watoto wengi, naye alikuwa na kinu cha kusagia nafaka na kingine cha kupasulia mbao. Shamba halikutosha kuwalisha wote, kwa hiyo kila mtoto alifanya kazi. Elias alipokuwa na umri wa miaka 6 tu, yeye na ndugu zake walikuwa wakichomeka vijino vya waya katika vipande vya ngozi, ambavyo vilitumika kama chanuo za kuchambulia pamba viwandani. Tangu kuzaliwa alikuwa na kilema cha mguu na mwili wake haukuwa na nguvu. Kazi ya shamba ilimshinda. Lakini alipokuwa karibu na mashine za kinu cha baba yake, mtoto huyu mnyonge alikuwa mtu mwingine kabisa: alitaka kujua kila gurudumu linazungushwa na nini.

Mwaka 1835 alikwenda katika mji wa Lowell, uliokuwa na viwanda vikubwa vya nguo, akajifunza kazi katika karakana ya kutengeneza mashine za pamba. Hakukaa sana. Mwaka 1837 biashara iliharibika katika Marekani yote, viwanda vikafungwa, na vijana kama yeye wakatupwa nje. Akahamia Cambridge, kisha akapata kazi Boston kwa fundi mmoja hodari aliyeitwa Ari Davis. Davis alitengeneza saa za mabaharia na vyombo vya kupimia, kazi inayotaka jicho kali na mkono usiotetemeka. Hapo Howe alipata shule yake ya kweli.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuja mteja katika karakana hiyo, akawa anazungumza na Davis juu ya mashine ya kufuma aliyotaka kuitengeneza. Davis akamwambia kwamba kama angekuwa na akili angeacha mambo ya kufuma na kutengeneza mashine ya kushona, kwa maana atakayeiweza hiyo atakuwa tajiri. Kwa Davis yalikuwa maneno ya mzaha. Wala hakujua kwamba pale pembeni, kijana mmoja mwenye kuchechemea alikuwa ameinama juu ya kazi yake, masikio yamesimama.

Howe alioa mwaka 1841. Mkewe aliitwa Elizabeth, nao walijaliwa watoto watatu. Mshahara wake ulikuwa dola 9 kwa juma, na kwa sababu ya udhaifu wa mwili kuna siku alirudi nyumbani amechoka hata hawezi kula, akaenda moja kwa moja kitandani. Fedha haikutosha. Basi mkewe akaanza kupokea nguo za watu na kuzishona kwa mkono, usiku baada ya watoto kulala, kwa mwanga wa taa. Mume alilala akimtazama. Aliutazama mkono ule ukichoma sindano, ukivuta uzi, ukichoma tena, ukivuta tena, mara elfu kwa usiku mmoja kwa ajili ya senti chache. Hapo yale maneno ya Davis yakamrudia, lakini sasa hayakuwa mzaha tena.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kutaka mashine ifanye kama mkono wa mkewe. Alitengeneza sindano yenye ncha pande zote mbili na tundu katikati, ili ipite katika kitambaa na kurudi. Alipoteza miezi mingi kwa njia hiyo bila kupata mshono wa kufaa. Mwishowe alitambua kwamba mashine haina haja ya kufuata mkono. Inaweza kuwa na njia yake yenyewe.

Njia hiyo ni rahisi kuieleza, ingawa ilikuwa ngumu kuigundua. Tazameni sindano ya mkono: tundu liko nyuma, mbali na ncha, kwa hiyo lazima sindano nzima ipite upande wa pili ndipo uzi upite. Sasa tazameni sindano ya cherehani: tundu liko karibu na ncha. Ncha ikipenya tu, uzi umekwisha penya. Sindano inapoanza kurudi, uzi hulegea na kuacha kitanzi kidogo upande wa pili wa kitambaa. Hapo chombo kidogo chenye umbo la mtumbwi, kilichobeba uzi wa pili, hupita ndani ya kitanzi kile. Uzi wa kwanza ukivutwa, nyuzi mbili zinashikana katikati ya kitambaa na mshono umefungwa. Kile chombo kidogo Howe hakukitoa mbali. Alikuwa amekiona tangu ujana wake kikipita huku na huku katika mitambo ya kufumia nguo.

Kujua ni jambo moja, na kuwa na fedha ya kununua chuma ni jambo jingine. Howe aliacha kazi akafanya majaribio yake katika chumba cha darini nyumbani kwa baba yake, lakini jengo lile likashika moto. Ndipo akamwendea rafiki yake wa shule, George Fisher, mfanya biashara ya makaa na kuni mjini Cambridge. Mwezi wa Desemba, 1844, Fisher alikubali kuwakaribisha Howe na mkewe na watoto nyumbani kwake, kuwalisha, na kutoa dola 500 za vifaa, kwa sharti kwamba nusu ya faida itakuwa yake. Majirani walimwona Fisher kuwa mjinga. Nadhani hata sisi tungemwona hivyo.

Mwezi wa Aprili, 1845, mashine ilishona mstari wake wa kwanza. Mwezi wa Julai ilishona nguo kamili mbili za sufi, moja ya Fisher na moja ya Howe mwenyewe. Kisha Howe akaipeleka katika kiwanda cha nguo cha Quincy Hall, Boston, akaita mashindano. Walichaguliwa wanawake watano waliokuwa washonaji hodari wa mahali pale. Kila mmoja alipewa mshono mmoja, naye Howe akapewa mishono mitano. Alimaliza kabla yao wote. Mashine yake ilikwenda kwa mishono 250 kwa dakika moja, na waamuzi walikiri kwamba kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mikono.

Msomaji atadhani kwamba siku ile ile wenye viwanda walipanga mstari kununua. Hakuna aliyenunua hata moja. Bei ilikuwa kama dola 300, fedha nyingi sana siku zile. Tena mashine ya kwanza ilishona mstari ulionyooka tu, na kila baada ya kipande kifupi ilibidi kitambaa kifunguliwe na kupangwa upya. Lakini sababu kubwa ilikuwa hofu. Mafundi walisema kwamba chombo hiki kitawanyang'anya watu chakula.

Hofu hiyo haikuwa ya Marekani peke yake. Huko Ufaransa fundi mmoja maskini, Barthélemy Thimonnier, alikuwa amepata hati ya serikali kwa mashine yake ya kushona mwaka 1830, na mashine zake zikawekwa Paris kushona nguo za askari. Mwaka 1831 kundi la mafundi wa nguo liliingia kwa nguvu likazivunja. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Na katika mji wa New York, Walter Hunt, yule aliyevumbua pini ya kufunga nepi za watoto, alikuwa ametengeneza mashine ya kushona yenye sindano ya tundu mbele miaka ya 1830 na kitu, kabla ya Howe. Inasimuliwa kwamba binti yake alimsihi aiache kwa sababu ingewaondolea wanawake maskini kazi ya sindano, naye hakwenda kuiombea hati. Kumbukeni jina la Hunt, maana tutakutana naye tena mahakamani.

Howe yeye alipata hati yake tarehe 10 Septemba, 1846. Karatasi ikawa nzuri, lakini chakula hakuna. Fisher, aliyekuwa ametumia fedha yake nyingi, alichoka akajitoa, na jamaa ya Howe ikarudi kwa baba yake. Basi nduguye Elias, jina lake Amasa, akapanda meli na mashine moja kwenda London. Huko mwenye kiwanda mmoja, William Thomas, aliyetengeneza mikanda ya kubana viuno vya wanawake, aliinunua mashine pamoja na haki zake zote za Uingereza kwa pauni 250. Kisha akamwita Howe mwenyewe aje kuirekebisha ifae kazi yake, kwa pauni 3 kila juma. Howe akaenda, na baadaye akawaita mkewe na watoto.

Alipomaliza kazi aliyoitiwa, walikosana na Thomas, naye akajikuta London bila kazi. Ugeni mgumu, na ugeni wa umaskini ni mgumu zaidi. Walihama kutoka vyumba vya bei kubwa hadi vya bei ndogo, hata wakabaki na chumba kimoja. Fundi mmoja wa magari ya farasi alimsaidia kwa kadiri ya uwezo wake. Elizabeth akaanza kukohoa. Howe alipoona hivyo alikopa fedha akawarudisha yeye na watoto Marekani, yeye mwenyewe akabaki atengeneze mashine nyingine. Aliiuza kwa bei ya hasara. Mwishowe, ili apate nauli ya kurudi, aliweka rehani mashine yake ya kwanza pamoja na ile hati yake ya serikali. Hebu fikirini, vijana: vitu viwili alivyovitolea ujana wake wote, akaviacha katika duka la mweka rehani, katika mji wa ugenini.

Alishuka New York mwaka 1849, na mfukoni hakuwa na fedha inayofika shilingi 3 za Kiingereza. Alipata kazi katika karakana. Siku chache tu zikapita, ikamjia habari kutoka Cambridge kwamba mkewe yu mahututi kwa kifua kikuu. Hakuwa na nauli ya gari la moshi. Ilimbidi angoje siku kadhaa mpaka baba yake alipompelekea dola 10. Akafika, akamkuta angali hai, akawa naye mpaka akakata roho. Hakuwa na nguo ya kuvaa mazishini, hata akaazima nguo za shemeji yake. Mtu aliyetengeneza mashine ya kushona alimzika mkewe kwa nguo za kuazima. Muda mfupi baadaye meli iliyochukua vyombo vyake vichache vya nyumbani ilizama karibu na pwani ya Massachusetts.

Wengi wetu hapo tungekata tamaa. Howe naye alibaki kimya kwa muda. Kisha akatambua jambo la ajabu: alipokuwa Uingereza, mashine za kushona zilikuwa zimeanza kuuzwa Marekani. Watu walikuwa wakizionyesha barabarani kwa kiingilio. Na alipozichungulia ndani, aliona sindano yake na uzi wake wa pili.

Mkubwa wa wauzaji hao alikuwa Isaac Merritt Singer, aliyekuwa fundi na mwigizaji wa michezo ya kuigiza. Tusimdhulumu Singer. Mwaka 1850 mjini Boston aliona mashine ya mtu mwingine, akaitengeneza upya, na mwaka 1851 akapata hati yake. Mashine ya Howe ilisimamisha kitambaa wima na sindano ikaenda kwa upande. Ya Singer ililaza kitambaa juu ya meza na sindano ikashuka kutoka juu, kukawa na mguu wa kukandamiza nguo, na baadaye mashine ikaendeshwa kwa kukanyaga. Fundi mwingine, Allen Wilson, alivumbua meno yanayosogeza kitambaa mbele kila baada ya mshono. Kwa hiyo cherehani mnayoijua ni kazi ya vichwa vingi. Lakini bila sindano yenye tundu mbele na mshono wa nyuzi mbili, hakuna hata moja ingeshona, na hati ya mambo hayo ilikuwa ya Howe.

Howe alikopa, akatuma fedha London kukomboa mashine na hati yake, akapata mtu tajiri wa kumsaidia, akaenda mahakamani. Kesi zilichukua miaka. Mawakili wa Singer walitafuta mtu aliyemtangulia Howe, wakamtoa Walter Hunt pamoja na mabaki ya mashine yake ya zamani. Ilikuwa kweli kwamba Hunt alitangulia. Lakini aliyekuwa ameimaliza kazi, akaiandika, akaiombea hati, akaihangaikia njaani, ni Howe. Mwaka 1854 kesi iliamuliwa kwa upande wake, na Singer akamlipa dola 15,000.

Mwaka 1856 wenye viwanda vikubwa waliona kwamba wakiendelea kushitakiana watakaonufaika ni mawakili. Wakakutana, wakaunganisha hati zao, wakakubaliana kwamba kila atakayetengeneza mashine atalipa ada. Howe alipata dola 5 kwa kila mashine iliyouzwa Marekani, na dola 1 kwa kila iliyopelekwa nje. Mwaka huo huo kampuni ya Singer ilianza kuuza mashine kwa malipo ya kidogo kidogo kila mwezi, na hapo cherehani ikatoka viwandani ikaingia nyumbani kwa watu wa kawaida. Shati la mwanamume lililochukua saa 14 hivi kwa mkono sasa liliweza kumalizika kwa saa 1 na robo. Yule aliyeazima nguo za mazishi akawa anapata dola zaidi ya laki moja kwa mwaka.

Utajiri haukumharibu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alisaidia kuunda kikosi cha 17 cha askari wa kujitolea wa Connecticut, na mwaka 1862 akajiandikisha humo kama askari wa kawaida. Kwa kuwa mguu wake haukuweza kutembea mwendo mrefu, alipewa kazi ya kuchukua barua za askari kwa farasi. Serikali ilipochelewesha mishahara, aliwalipa wenzake wote kutoka mfukoni mwake mpaka serikali ilipomrudishia.

Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, alipewa nishani ya dhahabu na heshima ya taifa la Ufaransa. Mwezi wa Septemba mwaka huo muda wa hati yake ulikwisha. Tarehe 3 Oktoba, kabla mwezi mmoja haujapita vizuri, alifariki dunia mjini Brooklyn akiwa na umri wa miaka 48.

Je, wale waliosema kwamba cherehani itawaondolea maskini kazi walikosea? Walikosea kwa sehemu, maana nguo zilipokuwa rahisi watu walinunua nguo nyingi zaidi, na washonaji wakazidi. Lakini walisema kweli pia kwa sehemu, kwa kuwa washonaji wengi wa viwandani waliendelea kulipwa kidogo, wakitakiwa kushona zaidi kwa sababu mashine inakwenda mbio. Mashine huharakisha kazi. Haigawi faida yake kwa haki. Kugawa ni juu ya watu.

Wenzangu, mara nyingi tumeambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Maisha ya Howe yanathibitisha methali hiyo, lakini yana uchungu ndani yake, maana Elizabeth, ambaye mkono wake ndio uliokuwa mwalimu wa mashine ile, hakuila hiyo mbivu. Basi tunapotafuta elimu kwa nia ya kuwapunguzia taabu wazazi wetu, tusicheleweshe kwa uvivu wetu kazi ambayo wao wanaingoja. Na jioni utakapopita barazani kwa fundi na kusikia ile sauti ya chuma ikipiga kwa haraka, simama kidogo utazame sindano. Tundu liko mbele. Mtu mmoja mchechemeaji aliumia miaka mingi ili kulitia mahali hapo.